Uyoga wa dawa kwenye chupa: tunajibu maswali ya wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zinahusu uyoga unaouzwa kama vidonge, unga au matone kwa ajili ya kumbukumbu na afya ya jumla. Tumezipunguza urefu lakini hatukubadili maana. Tuliozijibu ni watu wa lishe na maabara. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako.

*Shikamooni. Mama yangu ana miaka 71. Anarudia habari ile ile mara mbili kwa jioni moja, na juzi aliacha jiko likiwaka akaenda kulala. Ndugu wananiambia nimnunulie uyoga wa manyoya ya simba. Je, unasaidia kweli? Na ale kiasi gani?*

Marahaba. Kabla ya chupa yoyote, mpeleke mama akapimwe. Kusahau kwa mtu mzima kuna sababu kadhaa zinazotibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, sukari isiyodhibitiwa, maambukizi ya njia ya mkojo, sonona, hata masikio yasiyosikia vizuri. Beba na dawa zake zote mkononi, kwa sababu dawa za usingizi, zile dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za kibofu huchafua kumbukumbu za wazee. Jiko lililoachwa linawaka halisubiri miezi ya kujaribu vidonge.

Sasa uyoga wenyewe. Manyoya ya simba, kwa jina la kisayansi Hericium erinaceus, ndio wenye ushahidi ulio karibu zaidi na swali lako. Una kemikali ziitwazo herisenoni, na utando wake, zile nyuzi zinazotangulia kabla uyoga haujachomoza, una nyingine ziitwazo erinasini. Katika maabara, kemikali hizi za aina zote mbili huchochea seli kutengeneza protini inayolisha na kukuza neva. Kwa binadamu, utafiti unaotajwa sana ulifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2009. Watu 30 wa miaka 50 hadi 80 wenye usahaulifu mdogo waligawanywa: nusu walipewa vidonge vya uyoga huo, nusu vidonge bandia visivyo na uyoga ndani. Baada ya wiki 16 waliokula uyoga walikuwa na alama bora zaidi kwenye mtihani wa kumbukumbu. Wiki 4 baada ya kuacha, alama zao zikaanza kushuka.

Watu 30 ni wachache, kwa hiyo tunaliita tumaini lenye msingi, hatuliiti tiba. Lakini angalia kiasi walichokula: vidonge 4 vya miligramu 250, mara 3 kwa siku. Hizo ni gramu 3 kila siku za unga wa uyoga wenyewe uliokaushwa. Chupa nyingi huandika kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, yaani theluthi moja ya kiasi hicho au chini yake. Mtu anameza mwezi mzima, haoni kitu, kisha anasema uyoga ni uongo, kumbe hakuwahi kufika kwenye kipimo kilichojaribiwa.

Daktari akikubali, anza na gramu 1 kwa siku pamoja na chakula kwa wiki nzima. Tumbo likitulia na ngozi isipowasha, panda hadi gramu 2 wiki ya pili, kisha gramu 3 zilizogawanywa mara tatu. Kabla ya kidonge cha kwanza andika kwenye daftari mambo matano unayoweza kuyahesabu: amerudia habari mara ngapi, amepotea njia mara ngapi, amesahau dawa mara ngapi, na kadhalika. Rudia hesabu hiyo wiki ya 8 na ya 16. Bila daftari, upendo wako kwa mama utakuonyesha nafuu hata pasipo nafuu. Kama wiki ya 16 hesabu haijasogea, acha. Kuongeza dozi hakuna ushahidi wowote nyuma yake.

*Nimeweka chupa mbili mezani. Moja imeandikwa "polisakaridi 50%, 10:1". Nyingine ni ghali zaidi na imeandikwa "beta-glukani 28%, uyoga wenyewe, dondoo la maji moto". Ya kwanza si ina nguvu zaidi?*

Hapana. Chukua ya pili, na tungependa kila msomaji ajue kwa nini, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Polisakaridi ni jina la ukoo mzima wa sukari zilizoungana kama minyororo. Beta-glukani za uyoga ni polisakaridi, lakini wanga wa mchele nao ni polisakaridi, na maltodekstrini inayochanganywa ili unga usigande nayo inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Chupa inayosema 50% inaweza kuwa na asilimia hamsini za wanga tupu na bado lebo isiwe na uongo wa kisheria. Beta-glukani ndizo zinazozungumza na seli za kinga, na zinapimwa peke yake kwa kipimo kinachojulikana vyema. Mtengenezaji aliyezipima anaziandika. Asiyeziandika hakuzipima, au alizipima akaona aibu. Dondoo zuri la uyoga kama reishi, manyoya ya simba au mkia wa batamzinga kwa kawaida huwa na beta-glukani kati ya 20% na 40%, na wanga chini ya 5%.

Hiyo "10:1" inamaanisha kilo 10 za malighafi zimetoa kilo 1 ya bidhaa. Malighafi gani? Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Kilo 10 mbichi ukizianika tu na kuzisaga unapata karibu kilo 1. Kwa hiyo "10:1" inaweza kuwa dondoo zito la uyoga mkavu, na inaweza kuwa unga wa kawaida wenye jina la kifahari. Isipotaja kama hesabu imeanzia kwenye uyoga mbichi au mkavu, usiihesabu kitu.

Maneno "uyoga wenyewe" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Lebo za Kiingereza huandika "fruiting body", yaani ule uyoga unaochumwa. Neno "mycelium" ni utando mweupe wa nyuzi unaotambaa ndani ya chakula chake kabla uyoga haujachomoza. Njia nyepesi ya kuupata utando kwa wingi ni kuupanda kwenye mchele au shayiri iliyochemshwa, ukisambaa ukauanika na kusaga vyote pamoja, kwa sababu nyuzi hazitenganishwi na nafaka. Kinachoingia kwenye kidonge ni utando kidogo na nafaka nyingi. Mgonjwa asiyevumilia gluteni aulize kwanza ni nafaka gani iliyotumika.

Hata hivyo wasikudanganye wale wanaosema utando wote ni takataka. PSK, dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 1977 kutumika pamoja na matibabu ya saratani, inatokana na utando wa mkia wa batamzinga, Trametes versicolor. Erinasini nazo, kama tulivyosema, zinapatikana kwenye utando. Tofauti ni kwamba utando wa kazi hizo hukuzwa kwenye matangi ya kimiminika, ukachujwa, ukasafishwa na kupimwa. Ukiona neno utando, swali la kuuliza ni moja: ulikuzwa kwenye kimiminika au kwenye nafaka?

Kuhusu maji moto: ukuta wa seli ya uyoga umejengwa kwa kitini, kitu kigumu cha jamii ya ganda la kamba, na tumbo letu halikimudu vizuri. Kuchemsha kunaulegeza ukuta huo na kutoa beta-glukani. Triterpeni, zile kemikali chungu za reishi, zinataka alkoholi. Ndiyo maana reishi nzuri hutolewa kwa njia zote mbili, na ndiyo maana kuna kipimo cha bure: fungua kidonge, weka unga kidogo ulimini. Reishi isiyo chungu si reishi ya kutegemewa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani. Ni 5 tu zilizolingana na kilichoandikwa kwenye lebo.

Matone ya alkoholi yana hesabu yake. Kama lebo inasema 1:5, mililita 1 imetokana na miligramu 200 za uyoga. Ili ufikie gramu 3 unahitaji mililita 15 kwa siku, kijiko kikubwa kizima, na hapo beta-glukani bado ni haba kwa sababu alkoholi huzifanya zigande na kuzama.

Mwisho, mwandikie muuzaji umtajie namba ya toleo iliyo chini ya chupa na uombe cheti cha maabara cha toleo hilo hilo. Uyoga hufyonza risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki kutoka unapoota, kwa hiyo cheti kionyeshe namba za metali hizo nne pamoja na kuvu na bakteria. Cheti cha miaka mitatu iliyopita, au chenye neno "kimepita" bila namba, hakikusaidii.

*Nimesikia iodini ya vidonda inaweza kufichua unga ulioghushiwa. Nifanyeje?*

Inaweza kufichua wanga, na hilo peke yake linafaa. Andaa vikombe vitatu vya kioo. Cha kwanza weka nusu kijiko cha chai ya unga wa uyoga unaoushuku. Cha pili nusu kijiko cha unga wa mchele. Cha tatu kiache bila unga. Mimina kwenye kila kimoja mililita 100 za maji yanayochemka, koroga dakika 2, kisha acha vipoe kabisa. Usikurupuke hapa: rangi ya iodini na wanga hufifia kwenye joto, na wengi hutangaza unga wao ni safi kwa sababu tu maji yalikuwa bado ya moto. Vikipoa, dondosha matone 5 hadi 10 ya iodini kwenye kila kikombe na ukoroge.

Cha mchele kitageuka buluu iliyokolea hadi karibu nyeusi. Cha maji matupu kitabaki na rangi ya iodini. Cha uyoga kikifuata mchele, umenunua nafaka. Kikiwa na wekundu wa kahawia kidogo, usitishike. Uyoga huhifadhi glaikojeni, na iodini huipa rangi hiyo.

Unga wa reishi na chaga ni mweusi kiasi cha kuficha matokeo. Chota kijiko kimoja cha mchanganyiko uliopoa, ongeza vijiko tisa vya maji, ndipo udondoshe iodini. Na ujue mipaka: maltodekstrini ina minyororo mifupi na mara nyingi hupita bila kuonekana. Kipimo hiki pia hakikwambii beta-glukani zipo kiasi gani. Kinaweza kumkamata mdanganyifu mmoja, hakiwezi kumthibitisha mwaminifu. Mwaga vikombe vyote, usinywe.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mitihani iko wiki tatu mbele. Nikianza manyoya ya simba leo, nitasoma vizuri zaidi?*

Mdogo wetu, hakuna utafiti unaoturuhusu kukuahidi hivyo. Uingereza, mwaka 2023, watu wazima 41 wenye afya, wa miaka 18 hadi 45, walipewa gramu 1.8. Saa moja baada ya dozi ya kwanza walikuwa wepesi kidogo kwenye mtihani mmoja wa kutambua rangi na maneno. Baada ya siku 28 kulikuwa na dalili hafifu ya kupungua kwa msongo. Vipimo vingine vingi havikusogea. Kwa wiki tatu, saa moja ya ziada ya usingizi na kujipima kwa maswali ya mitihani iliyopita vitakupa zaidi. Kama bado unataka kujaribu, usianze usiku wa kuamkia mtihani. Tumbo likichafuka siku hiyo utajuta.

*Mume wangu anatumia warfarini na dawa za kisukari. Amejinunulia reishi na maitake "kusafisha damu". Nimwache?*

Usimwache, dada. Mwambie asimamishe leo, na mpigieni anayemsimamia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande.

Reishi inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, na maitake imeripotiwa kupandisha nguvu ya warfarini. Dawa hiyo ina nafasi ndogo sana kati ya dozi inayolinda na dozi inayomwaga damu. Ufizi unaovuja, michubuko isiyo na sababu, kinyesi cheusi kama lami: hizo ni dalili za kwenda hospitali usiku huo huo. Upande wa sukari, maitake, reishi na uyoga uitwao Cordyceps zinaweza kuishusha pamoja na dawa, na anayetumia insulini anaweza kujikuta anatetemeka na kutoka jasho saa nane za usiku. Wala reishi isichukue nafasi ya dawa zake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2016, kwa watu 84 wenye kisukari cha aina ya pili na dalili zinazoambatana nacho, uliwapa gramu 3 kwa siku kwa wiki 16, na sukari yao haikubadilika kuliko ya waliopewa vidonge bandia.

Kwa kuwa barua kama hii zilikuwa nyingi, tuongeze. Aliyepandikizwa figo au ini asiguse uyoga huu wa kuamsha kinga, kwa sababu dawa zake zinafanya kazi kinyume na hilo. Mwenye lupasi, baridi yabisi au ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia aulize kwanza. Anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie dondoo kali, wale uyoga wa chakula tu. Anayetibiwa saratani amwonyeshe daktari wake chupa yenyewe, siyo kumtajia jina.

Unga wa reishi, tofauti na reishi ya kuchemshwa na kuchujwa, umehusishwa kwenye ripoti za kitabibu na kuharibika kwa ini, mojawapo ikiwa ya kifo. Hayo ni matukio machache, lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au mwili ukiwasha bila vipele, acha mara moja na upimwe ini.

*Nakunywa chai ya chaga kila asubuhi. Kuna ubaya?*

Kila asubuhi, upo. Chaga ina oksaleti nyingi, chumvi ile ile inayotengeneza mawe mengi ya figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walieleza habari ya mwanamke wa miaka 72 mwenye saratani ya ini aliyekula vijiko vya chai 4 hadi 5 vya unga wa chaga kila siku kwa miezi 6. Fuwele za oksaleti ziliziba figo zake zikashindwa kazi. Kula unga mzima kunaingiza oksaleti nyingi kuliko kuchemsha na kuchuja, lakini hata maji yake hayako salama kwa mwenye historia ya mawe, figo dhaifu au kisukari cha muda mrefu. Vitamini C ya dozi kubwa nayo hugeuka oksaleti mwilini, kwa hiyo wanaochanganya viwili hivi "kuongeza kinga" wanajiumiza mara mbili.

Hapa pia pana kipimo cha muuzaji. Chaga siyo uyoga unaochumwa. Ni donge jeusi, gumu, la nyuzi za kuvu zilizochanganyika na mti wa Betula wa nchi za baridi. Chupa ya chaga inayojisifu kuwa "uyoga wenyewe asilimia 100" imeandikwa na mtu asiyejua anachouza.

*Nimepata kidonge chenye aina 10 za uyoga. Si bora kuliko aina moja?*

Gawanya. Miligramu 1,000 kwa aina 10 ni miligramu 100 kila moja, kama wamegawa sawa, na mara nyingi iliyo rahisi kuzalisha ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Kwa manyoya ya simba ungehitaji vidonge 30 kwa siku kufikia gramu 3. Kahawa za uyoga na peremende laini nazo zipitishie hesabu hiyo hiyo kabla hujafungua pochi. Zaidi ya hapo, ukipata vipele kutokana na mchanganyiko wa aina 10, hutajua umkamate nani.

*Cordyceps ya porini ni bora kuliko ya kufugwa?*

Ya porini, Ophiocordyceps sinensis, huota juu ya viwavi kwenye nyanda za juu za Tibet, na bei yake haiwezi kuingia kwenye kidonge cha kawaida. Jina hilo likiwa kwenye chupa nafuu, kwa kawaida ni utando wa tangini uitwao Cs-4. Isitoshe, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ilionya juu ya aseniki iliyozidi kwenye bidhaa za hiyo ya porini. Inayofugwa ni Cordyceps militaris, ya rangi ya chungwa, na ina kwa wingi kemikali iitwayo kodisepini. Nunua hiyo, yenye jina kamili kwenye lebo. Kwa kumbukumbu, ushahidi wake kwa binadamu ni mwembamba mno. Wanaoitumia wengi wanatafuta pumzi ya mazoezi.

*Kwa nini nisile uyoga tu jikoni nikaachana na chupa?*

Swali zuri kuliko yote, na kwa mtu mwenye afya jibu letu ni: ndiyo, anzia hapo.

Singapore, mwaka 2019, watafiti walichapisha habari za wazee 663 wenye umri wa kuanzia miaka 60. Waliokula zaidi ya sahani mbili za uyoga kwa wiki, sahani moja ikihesabiwa gramu 150 za uyoga uliopikwa, walikuwa na uwezekano uliopungua kwa karibu nusu wa kuwa na usahaulifu mdogo kulinganisha na waliokula chini ya sahani moja. Utafiti wa kutazama hauthibitishi kwamba uyoga ndio uliowalinda. Huenda anayekula uyoga anakula na mboga zaidi na kutembea zaidi. Lakini watafiti wale wana mshukiwa wao, kemikali iitwayo ergothionini, ambayo mwili hauitengenezi, na bado una mlango maalumu wa kuiingiza kwenye seli. Uyoga ndio chakula chenye nyingi zaidi, hasa mamama na shiitake. Joto haliiharibu, ila huyeyuka majini, kwa hiyo ukichemsha usimwage mchuzi.

Kwa kinga, watafiti wa Florida mwaka 2015 waliwapa watu wazima 52 wenye afya shiitake kavu, gramu 5 au 10 kila siku kwa wiki 4, na baadhi ya seli zao za kinga ziliongezeka na kufanya kazi vizuri zaidi. Gramu 5 kavu ni sawa na takriban gramu 50 mbichi, kiasi kidogo kwenye sufuria.

Pika hadi uive kabisa. Shiitake mbichi au nusu mbichi huwaletea baadhi ya watu vipele vya mistari mirefu myekundu, kama waliochapwa kiboko, siku moja au mbili baadaye. Na kitu kimoja wapishi wengi hawakijui: ukiuweka uyoga mbichi uliokatwa kwenye jua kali la mchana, upande wa matabaka yaliyo chini ya kofia ukiangalia juu, hutengeneza vitamini D, na hata robo saa huleta tofauti.

Chupa inabaki na kazi pale unapotaka aina isiyopatikana kirahisi kama chakula, au aina isiyolika kama reishi na mkia wa batamzinga ambazo ni ngumu kama ubao.

*Mwanangu ananunua peremende za uyoga mtandaoni, zenye picha ya uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Ni zile zile za kumbukumbu?*

Siyo, na zitoe nyumbani leo. Picha hiyo ni ya Amanita muscaria, uyoga wenye sumu inayovuruga ubongo: kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Mwaka 2024 watu kadhaa Marekani walilazwa hospitali baada ya kula chokoleti na peremende za uyoga za namna hii, na mwezi Desemba mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikatangaza kwamba Amanita muscaria hairuhusiwi kwenye chakula. Uyoga wa dawa halali haukulevyi hata kidogo. Bidhaa inayoahidi "safari", au inayoandika "mchanganyiko wa siri" bila majina ya kisayansi, haina nafasi kwenye mazungumzo haya. Kama ameshakula na anasinzia au anaropoka, mwahishe hospitali na mbebe na pakiti.

*Unga wangu umegandamana kuwa madonge. Umeharibika?*

Mara nyingi haujaharibika. Dondoo la maji moto hunyonya unyevu haraka kuliko unga wa kawaida, na kugandamana huku ni kawaida yake. Vunja donge moja utazame ndani. Likiwa kavu, rangi ni moja na harufu ni ya uyoga, lisage ulitumie. Likiwa na madoa ya kijani au meupe yenye manyoya, harufu ya ukungu au ya kuchacha, tupa chupa nzima, usichague upande mzuri. Kilichosababisha kwa kawaida ni kijiko chenye maji, au chupa iliyo juu ya jiko au bafuni. Friji nayo haifai kwa chupa inayofunguliwa kila siku: kila ukiitoa kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Kabati lenye giza, kifuniko kilichokazwa, kile kifuko kidogo cha kukausha kiachwe humo humo, na kwa chupa kubwa, gawa unga wa wiki mbili kwenye kichupa kidogo ili ile kubwa ibaki imefungwa.